Kinusatochi Kisichozidi Kiberiti

Hapo juzi, wala si kale sana, palikuwa na nchi ambayo sitaitaja jina, kwa sababu mimi ni mtumishi wake na bado nasubiri kupandishwa cheo. Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Mwendo. Najua nchi nyingine huwa na wizara ya barabara. Sisi barabara tulikuwa nazo chache na mwendo tulikuwa nao mwingi, tukaona tuanze na kile kilichopo.

Mimi ndiye Mwinchande Ngwali, Karani Mwandamizi wa Barua katika wizara hiyo. Kazi yangu ni kuandika barua za kuagiza vitu: viti, wino, mihuri. Naandika Kiswahili safi, kifupi, kisicho na neno la kuazima. Siku moja jiko la wizara liliomba mbuzi mbili za kukunia nazi, nami nikaandika kwa mkato, "mbuzi 2". Wakaja wawili wenye pembe. Walikaa kwenye bustani ya wizara mpaka wakazeeka, na mpaka leo nasema kosa halikuwa la mwandishi.

Miaka sita iliyopita Waziri aliamua kwamba na sisi tuwe na vile vyombo vya kupimia mwendo wa magari ambavyo jirani zetu walikuwa navyo. Chombo chenyewe kina jina refu la kigeni, lenye herufi ambazo hazikuumbwa kukaa pamoja. Wenzangu ofisini wakataka niliandike hivyo hivyo. Nikakataa katakata. Nikawauliza, dereva wetu akivuka mpaka akakamatwa kwa mwendo, akirudi anasemaje? Anasema, "Nimepigwa tochi." Basi neno tunalo, ya nini kuhangaika? Nikaketi nikaandika: "Tunaomba mtuletee tochi elfu mbili, imara, zenye mwanga mkali, zinazofaa kushikwa na askari."

Barua hiyo, Kumb. Na. WM/B/14, ilisomwa kwa sauti mbele ya wakuu wa idara. Waziri alisimama akapiga makofi. Nikapewa Cheti cha Ulinzi wa Lugha, na namba ya barua imeandikwa juu yake kwa wino wa dhahabu. Nimekitundika sebuleni, juu ya televisheni. Mke wangu hukifuta vumbi kila Jumapili.

Tochi zilifika upesi kuliko tulivyotegemea, na zilikuwa nyepesi kuliko tulivyotegemea. Tukasema hayo ndiyo maendeleo.

*

Kwa kuwa zilikuwa siri ya dola, wizara ilizishonea kila moja mfuko mweusi, kikabaki kioo kinachungulia na upenyo mdogo wa askari kusomea. Raia hakuruhusiwa kukigusa chombo hicho wala kukitazama kwa makusudi. Ukipigwa tochi unatazama mbele, unaweka mikono juu ya usukani, unasubiri askari akutangazie mwendo wako. Mafunzo ya askari yalichukua nusu saa, pamoja na chai. Waliambiwa: mlengeni dereva, washeni, someni namba.

Adhabu haikuwa faini. Waziri alisema faini inamsahaulisha mtu. Adhabu ilikuwa tundu. Askari alitembea na ile mashine ya kutobolea karatasi, akakutobolea leseni hapo hapo. La kwanza onyo, la pili onyo kali. La tatu linatobolewa na Baraza la Mwendo kwa heshima zote, na tangu hapo leseni yako si leseni tena. Sheria yenyewe, kifungu cha tisa, inasema: "Leseni yenye matundu matatu itahesabiwa kuwa ni chujio, na itarudishwa jikoni."

Sasa nieleze habari za gari langu. Ni dogo, limeshapita mikononi mwa watu wanne kabla yangu, na nimeliita Duma. Mke wangu ananiomba nilibadilishe jina. Likipanda mlima linakohoa, likishuka linatetemeka, na mshale wa dashibodi haujawahi kupita arobaini na tano.

Basi siku niliyopigwa tochi mara ya kwanza, Sajini Kombolela alitoka nyuma ya kichaka cha mnyaa, akanyoosha mfuko wake mweusi, akasema, "Mzee, themanini na saba."

"Ngapi?"

"Themanini na saba. Hapa ni hamsini."

Nilipaswa kuhuzunika. Nasema ukweli, sikuhuzunika. Upande mmoja nilikuwa na mshale unaosema arobaini, upande wa pili nilikuwa na serikali inayosema themanini na saba. Nikaona mshale ndio mwongo. Nilirudi nyumbani nimeketi wima. Ile karatasi ya kosa niliitia kwenye fremu nikaitundika kando ya cheti, na wageni wakija nilikuwa najifanya sitaki kuizungumzia.

Mara ya pili nilikamatwa kwa sababu ya adabu. Kila nikipita njia ile, madereva wanaokuja upande wangu waliniwashia taa mara mbili mara tatu. Mimi nikadhani wananisalimu, wameshajua cheo changu. Nikawa napunga mkono kwa utulivu, bila kujikweza. Siku hiyo waliniwashia taa watu sita mfululizo, na wa sita alitoa kichwa dirishani akanionyesha kwa mkono kule mbele. Nikamwambia mke wangu, "Unaona watu wanavyotupenda." Baada ya kona alikuwa Sajini Kombolela na mfuko wake.

"Themanini na saba, mzee."

Tundu la pili.

*

Mke wangu, Mama Rukia, anaoka keki za harusi. Si keki hizi za kununua na kula umesimama. Ni keki za ghorofa tatu, nne, zenye maua ya sukari ambayo anayatengeneza jani kwa jani, ameinama, bila kupumua. Nyumba yetu inakula kwa keki hizo, maana mshahara wa karani mwandamizi una uandamizi mdogo. Na keki hizo zilikuwa zinafika harusini kwa Duma, kila Jumamosi, mimi nikiendesha na yeye akiwa nyuma ameikumbatia ghorofa ya juu. Tundu moja zaidi, na kazi yake yote inakwisha. Jambo hilo nililijua vizuri na lilikuwa linaninyima raha.

"Baba Rukia," akaniambia siku hiyo, tumeketi mezani na leseni katikati yetu, "kwa nini usiende polepole tu?"

"Nakwenda polepole."

"Themanini na saba ni polepole?"

Hapo nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kukiri kwamba Duma haliwezi. Ya pili ni kusema kwamba liliponyoka. Nikachagua ya pili, maana ile karatasi ilikuwa ukutani inanitazama. Nikamwambia gari lile lina nguvu zilizojificha, na dawa yake ni kifaa kidogo cha kuniambia mapema tochi ilipo.

"Si wale watu wanakuwashia taa?"

"Wale wananisalimu," nikasema.

Akaiokota leseni, akaichungulia kupitia tundu la kwanza, kisha la pili, akanirudishia.

*

Kununua kinusatochi katika nchi yetu si jambo la kukurupuka. Kanuni ya thelathini na moja inasema ni marufuku kuwa na kifaa cha kunusa tochi "chenye ukubwa wa kuonekana". Wanasheria wa wizara walikaa wiki tatu hotelini kutafuta maana ya kuonekana. Wakarudi na jibu: kitu kisichozidi kiberiti hakionekani. Tangu hapo kila trafiki alipewa kiberiti cha serikali. Akikuta kifaa garini anakiziba kwa kiberiti; kikizibika chote, hakikuwapo. Wenye midomo walisema shemeji yake Waziri alikuwa na kontena zima la vinusatochi vya kimo hicho hicho. Mimi siamini maneno ya mitaani. Kontena lile barua yake niliiandika mimi, na halikuwa na jina la mtu.

Nilikwenda dukani kwa Muhidini, muuza redio na vifaa vya magari, mtu mpole mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Akaniwekea vitatu juu ya kioo.

Cha kwanza kiliitwa Mbweha. Kilikuwa na ukubwa wa mkate, taa nne na mkia. Muhidini akasema kinanusa tochi kilomita mbili kabla, mbele na nyuma, mvua inyeshe isinyeshe. Nilikipenda papo hapo. Niliona jinsi kitakavyokaa kwenye dashibodi na watu watakavyouliza. Kisha nikatoa kiberiti mfukoni nikakipimia, nikaona ninakwenda jela na mkate wangu.

Cha pili kiliitwa Kicheche, kama kipande cha sabuni ya hotelini; kiberiti kilikiziba kwa shida. "Hiki kina masikio sana," Muhidini akasema. "Tatizo lake ni kwamba kinasikia kila kitu. Mlango wa benki unaojifungua wenyewe, kinapiga kelele. Mnara wa simu, kelele. Bosi, una moyo imara?"

Nikamwambia mimi ni mtumishi wa umma, moyo ni imara.

Cha tatu kiliitwa Sisimizi. Niliposogeza kiberiti kikapotea chote, na kwa sekunde kadhaa sote wawili tulikitafuta. Kilichomekwa kwenye soketi ya kuwashia sigara, na ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke mstaarabu sana. Kikinusa tochi anasema, "Punguza mwendo, mpendwa." Kama hakuna kitu anasema, "Barabara ni salama."

"Mpendwa?" nikauliza.

"Ndivyo walivyomfundisha."

Niliogopa kidogo Mama Rukia ataichukuliaje hiyo "mpendwa". Nikaondoka na Kicheche kwa majaribio.

Majaribio yalidumu siku nne. Kicheche kilipiga kelele mbele ya benki, mbele ya hospitali, mbele ya kinyozi mwenye kinanda cha umeme, na nilipoingia uani kwangu kilipiga kelele kwa sababu ya oveni ya Mama Rukia. Siku ya tatu kilipiga kelele msikitini, gari limezimwa, ikabidi nitoke katikati ya mawaidha. Siku ya nne nilipita mbele ya Sajini Kombolela kwa makusudi, nikiwa nyuma ya trekta. Kicheche kikakaa kimya kabisa. Sajini alikuwa amelenga trekta, na nikamsikia akimtangazia mwenye trekta, "Themanini na saba."

Nikakirudisha. Nikachukua Sisimizi. Nikapita tena, safari hii nyuma ya guta la mkaa, ile baiskeli ya magurudumu matatu. Sajini Kombolela amesimama wazi, mfuko umenyooshwa, mwanga naona kwa macho yangu. Yule mama ndani ya soketi akasema, "Barabara ni salama." Guta likaandikiwa themanini na saba, mwenyewe akiwa ameshuka analisukuma.

Nikarudi dukani nimekasirika. Muhidini alikifungua kile kifaa, akakipuliza, akabadilisha miwani, akakifunga.

"Bosi, kifaa hiki ni kizima. Kinanusa mawimbi. Tochi zote duniani zinatoa mawimbi." Akasita. "Labda ya yule afande haitoi."

"Haitoi vipi?"

"Sijui. Labda ni ya aina nyingine."

Nilimcheka, na kicheko kile nakikumbuka kwa aibu. Nikamwambia, "Ndugu yangu, tochi ya serikali ikose mawimbi? Wewe muuza redio unaelewa nini?" Nilikwenda moja kwa moja ofisini nikaandika taarifa kwa Waziri, ukurasa mmoja, Kiswahili safi. Nikaeleza kwamba nimefanya utafiti kwa gharama zangu mwenyewe na nimegundua tochi za nchi yetu hazinusiki na chombo chochote kilichotengenezwa ulimwenguni.

Waziri aliisoma taarifa hiyo uwanjani, siku ya maadhimisho ya Mwendo. Alikuwa na kofia ya manyoya na shanga.

"Ndugu wananchi," akasema, "wataalamu wangu wamethibitisha. Tochi yetu hainusiki. Mataifa makubwa yamejaribu yakashindwa. Na takwimu zinaonyesha nini? Zinaonyesha kwamba lori linakwenda themanini na saba, basi dogo themanini na saba, trekta themanini na saba, na mwenye guta themanini na saba. Nionyesheni taifa jingine lenye mshikamano wa namna hii. Wengine wana madaraja ya matajiri na maskini. Sisi tuna mwendo mmoja."

Watu walishangilia. Mimi nilikuwa jukwaani, mstari wa saba, na machozi yalinitoka.

*

Tundu la tatu lilinikuta Jumatano, saa tatu asubuhi. Nilikuwa natoka kuchukua sampuli ya keki aliyokuwa ameipeleka Mama Rukia kwa wazazi wa bibi harusi. Walikuwa wameipenda. Walitaka kubwa yake, ghorofa tano, Jumamosi hiyo hiyo, na ilikuwa ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata. Sampuli ilikuwa kwenye kiti cha mbele na ua moja la sukari juu, kwa hiyo niliendesha kama nimebeba mtoto mchanga. Mzee mmoja mwenye baiskeli na kabichi alinipita, akanigeukia kuona kama nina matatizo.

"Barabara ni salama," yule mama wa kwenye soketi akasema.

Sajini Kombolela akatoka nyuma ya mnyaa.

"Barabara ni salama. Safari njema, mpendwa."

"Themanini na saba, mzee," Sajini akasema. Kisha akasikia sauti, akainama dirishani. "Nani huyo?"

"Hayupo," nikasema, nikampa kiberiti apime mwenyewe.

Alipima, akaridhika. Alikuwa na uso wa masikitiko. "Hili la tatu si langu, mzee. Ni la Baraza. Ijumaa saa nne."

Sikumweleza Mama Rukia mpaka Alhamisi jioni, na alikuwa ameshaoka ghorofa tatu. Alisimama na mwiko mkononi.

"Utawaambia nini?"

Nikamwonyesha barua ya fundi wangu. Fundi alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi kwamba ameijua injini ya Duma tangu ikiwa kwa mtu wa pili, na kwamba haiwezi kupita sitini hata ikidondoshwa kutoka ghorofani.

Aliisoma mara mbili. Akatazama ile karatasi ya fremu ukutani, akanitazama mimi. "Kumbe ulikuwa unajua," akasema, na akarudi jikoni kuoka ghorofa ya nne.

*

Baraza la Mwendo hukaa katika chumba cha chini cha wizara, kisicho na dirisha, ili sheria isipeperushwe na upepo. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Salome Ngonyezi, mama wa makamo mwenye sauti nzito na jaketi la mabega mapana. Tulikuwa watu kumi na wanne humo ndani. Sajini Kombolela alisimama kwenye kizimba cha mashahidi na mfuko wake mweusi kifuani.

Nikasomewa shitaka. Nikatoa barua ya fundi. Mheshimiwa Ngonyezi akaishika kwa ncha za vidole.

"Mshtakiwa, unataka kuliambia Baraza hili kwamba chombo cha serikali kimekosea?"

"Hapana, Mheshimiwa. Nasema gari limekosea kwa kutokuwa na nguvu."

"Chombo hiki kiliagizwa na nani?"

"Na wizara, Mheshimiwa."

"Kwa barua ya mtaalamu?"

"Kwa barua iliyopewa cheti, Mheshimiwa."

"Basi," akasema, akafungua faili kusoma hukumu, na umeme ukakatika.

Kulikuwa na giza la kutoona kidole. Tukasubiri jenereta ya wizara. Jenereta haikuwaka. Mtu mmoja akasema ilikuwa imeazimwa na shemeji.

"Sajini," sauti ya Mheshimiwa ikatoka gizani, "hebu tuangazie."

"Hukumu, Mheshimiwa?"

"Nitaisomaje gizani? Tuangazie."

Nikasikia Sajini anahangaika na kamba za mfuko. Kisha pakasikika mlio mdogo, ule wa kubonyeza kitufe, na chumba kizima kikajaa mwanga mweupe, mkali, mzuri sana. Faili la Mheshimiwa likaonekana. Nyuso za watu kumi na wanne zikaonekana. Wote tuliitazama ile tochi, na wote tuliona ni tochi. Ilikuwa tochi ya kutafutia kuku aliyepotea uani.

"Shahidi hawezi kushika taa na kutoa ushahidi kwa pamoja," Mheshimiwa akasema. "Mshtakiwa, msaidie."

Sajini akanikabidhi. Ilikuwa nyepesi. Kwenye shina lake, karibu na kitufe, palikuwa na maandishi ya kuchonga. Niliyasoma huku nikimulikia faili. Yalisema AINA 87. Chini yake, kwa herufi ndogo: IMETENGENEZWA KWA MUJIBU WA BARUA KUMB. NA. WM/B/14. IMARA. MWANGA MKALI.

Nasema mambo yalivyokuwa. Niliona mbuzi wawili kwenye bustani. Niliona lori, trekta, guta, na leseni zote za nchi nzima zilizotobolewa kwa miaka sita kwa sababu askari waliambiwa wasome namba, na namba ilikuwa moja. Nilijua kwamba nikifungua mdomo nitaokoa leseni yangu, na keki ya Mama Rukia, na leseni za watu nisiowajua. Nilijua pia kwamba swali la pili litakuwa: nani aliandika "tochi"? Na jibu lilikuwa sebuleni kwangu kwa wino wa dhahabu.

"Mshtakiwa, unalo la kusema kabla sijasoma?"

Watu kumi na watatu walinisubiri. Mdomo wangu ulifunguka, naapa ulifunguka.

"Mwanga unatosha, Mheshimiwa?" nikasema.

"Inua kidogo."

Nikainua.

*

Nyumbani nilisema tu kwamba serikali ilikuwa na ushahidi mkali. Mama Rukia aliichukua leseni yangu akaipeleka jikoni, kama sheria inavyotaka. Akajaribu kuchujia chai. Matundu yalikuwa makubwa, majani yote yakapita. "Hata hili halifai," akasema. Hakulia na hakugombana. Ningependa angegombana.

Jumamosi asubuhi tuliazima mkokoteni kwa muuza maji. Ukumbi ulikuwa kilomita saba. Tulitandika magodoro mawili, juu yake meza, juu yake keki ya ghorofa tano imefunikwa chandarua. Mimi nilivuta mbele, yeye alikuwa nyuma ameishika. Kila shimo alisema, "Taratibu," nami nikasimama kabisa. Kobe angetuacha. Jua lilikuwa linapanda, na yale maua ya sukari yalikuwa yameanza kung'aa jasho.

Tulipofika kwenye mnyaa nilijua kabla hajatoka.

"Jamani," Sajini Kombolela akasema, anatazama keki, anatazama mfuko wake, uso umemshuka. "Naomba mnisamehe. Themanini na saba."

Mama Rukia akaja mbele, anafuta sukari vidoleni kwa kanga. "Afande, tangu lini mkokoteni?"

"Namba ndiyo inasema, mama. Mimi nasoma tu."

"Unaisoma wapi?"

"Hapa."

"Nionyeshe."

Alikuwa mtu mwema yule Sajini, na nadhani tangu Ijumaa alikuwa anangoja mtu amwulize. Alilegeza kamba, akaivua ile tochi mfuko wake, akampa. Mama Rukia aliigeuza juani. Akasoma kwa sauti, taratibu, jinsi anavyosoma kipimo cha unga: "Aina themanini na saba."

"Ndiyo hiyo," Sajini akasema. "Siku ya kwanza kabisa niliuliza, mama. Nikaambiwa nisijali, aliyeagiza ana cheti."

Mama Rukia hakuwa anamsikiliza tena. Alikuwa amefika mstari wa chini. Namba ile ameifuta vumbi kila Jumapili kwa miaka sita, hakuhitaji kuisoma mara mbili. Akainua macho akanitazama, nimesimama na mikono yote miwili kwenye mkokoteni, na popote pengine duniani pangekuwa afadhali kwangu kuliko hapo.

"Jana uliiona?" akaniuliza.

"Niliishika," nikasema. "Niliwamulikia."

Sukari ikadondoka tone moja kwenye godoro. Kisha akamrudishia Sajini tochi yake, akarudi nyuma ya keki, akaishika vizuri kwa mikono miwili.

"Mwandike, afande," akasema. "Huyu kweli alikuwa anakimbia."

Sikukata rufaa.